Zipu ya jaketi inapanda vizuri halafu inaachia nyuma: nifumue yote au kuna ujanja?

SindanoButu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Nina jaketi langu ambalo sitaki kuachana nalo. Zipu yake ni ile ya meno mapana ya plastiki, inayofunguka mpaka chini na kuachana pande mbili. Wiki ya tatu sasa mchezo ni huu: nachomeka chini, navuta mpaka shingoni, inapanda laini kabisa bila kukwama. Nikiinama kuangalia, tumbo liko nje. Meno yameachana nyuma yake kama watu waliogombana.

Nilimwonyesha fundi mmoja, hakuishika hata mara mbili, akasema zipu imekufa, ifumuliwe iwekwe mpya. Nimepitisha kidole jino kwa jino na hakuna lililong'oka wala kupinda. Ndiyo maana nimekuja kwenu. Cherehani sina. Nina sindano, uzi, koleo na ubishi.

---

KitambaaChakavu

Ubishi ndio kifaa kikuu hapo. Naweka kambi.

---

FundiMstaafu

Mkuu usifumue kitu. Kwa maelezo yako meno ni mazima, anayeumwa ni kichwa.

Kichwa cha zipu (namaanisha kile kinachotembea, siyo ule ulimi unaoushika kwa vidole) ukikigeuza utaona kina midomo miwili upande wa juu na mmoja upande wa chini, kama herufi Y. Katikati ya ile midomo miwili kuna kigingi kinachoshikanisha bamba la juu na la chini. Ukishusha zipu, kigingi hicho ndicho kinachoyapasua meno. Ukipandisha, kuta za pembeni zinayasukuma yaingiane. Meno yenyewe hayana akili wala nguvu ya kujifunga, yanafuata yanakosukumwa.

Sasa kichwa kikitumika miaka, mavumbi na mchanga vinakila kwa ndani, na kila siku unapokivuta kwa haraka mabamba yake yanatanuka kidogo upande wa nyuma, ule wa mdomo mmoja. Unywele mmoja tu wa nafasi unatosha. Meno yanapita humo yakigusana bila kubanwa, na ukishapita yanaachana. Kwa hiyo dalili uliyoitaja, "inapanda laini halafu inaachia", ni ya kichwa kilicholegea karibu kila mara. Meno yakiwa mabovu zipu inakwama au inaruka sehemu moja ileile kila siku.

Hakikisha hivi: vuta kichwa huku umekibana kwa kidole gumba na cha shahada, juu na chini, upande wa nyuma. Ukibana ikafunga na ukiachia ikagoma, kesi imekwisha.

---

SindanoButu

Nimejaribu sasa hivi. Nikibana kwa nguvu inafunga kama vidole vinne hivi, nikilegeza tu inaanza kufumuka. Nimekaa kitandani nacheka peke yangu.

---

FundiMstaafu

Basi chukua koleo dogo. Shusha kichwa mpaka chini kabisa ili meno yasiwe katikati ya kazi. Weka kipande cha kitambaa kwenye meno ya koleo usije ukakikwaruza. Unabana ukuta mmoja upande wa nyuma, pale meno yanapotokea yakiwa yameungana, halafu ukuta wa pili, kwa nguvu ileile. Usibane katikati wala kwenye midomo miwili ya mbele.

Na nikisema kubana, naongelea nguvu ya kushika yai. Bana kidogo, jaribu kuvuta. Bado? Bana tena kidogo. Watu wanaharibu kwa sababu wanataka imalizike kwa pigo moja. Ukizidisha kitakaba na hakitatembea kabisa, hapo utaingiza ncha ya bisbisi bapa kukitanua, na kila unapokirudisha hivyo kinazidi kuchoka.

---

KifungoKimoja

Hapo kwenye yai nathibitisha. Mimi nilibana kikapasuka mkononi, nusu ikaenda chini ya kabati, mpaka leo sijaiona.

---

FundiMstaafu

Pole. Vichwa vingi ni vya zinki ya kumiminwa kwenye kalibu, siyo vya kukunjwa. Zinki hiyo haipindi sana, inakatika. Ukiona kichwa ni kizito, kinene, kimepakwa rangi na rangi imeanza kubanduka, bana kwa woga.

---

MamaPindo

Jamani mbona mnajitesa? Paka mafuta kidogo ya kula, zipu inakuwa kama mpya. Nafanya hivyo miaka yote.

---

FundiMstaafu

Mama naomba tupingane kwa heshima. Mafuta yanateleza siku mbili, siku ya tatu yameshika vumbi na kugeuka uji mweusi, na uji huo ndio unaosaga kichwa. Tena kwenye kitambaa chepesi doa lake halitoki. Ukitaka kulainisha tumia kitu kikavu: kipande cha sabuni ya mche, mshumaa, na kwa meno ya chuma sugua risasi ya penseli (siyo kwenye nguo nyeupe, itachafua). Pitisha pande zote mbili, pandisha shusha mara kadhaa, futa kinachobaki.

Ila kwa mwenye uzi, kulainisha hakutasaidia lolote. Zipu yake tayari inateleza kupita kiasi, inachokosa ni kubanwa.

---

MamaPindo

Haya nimekusikia mwanangu. Nitajaribu mshumaa kwenye begi. Lakini zipu zangu zote za mafuta ni nzima 😄

---

UziMweusi

Naingilia kidogo. Suruali yangu inanidhalilisha. Zipu inajishusha yenyewe nikitembea, meno mazima, haiachii nyuma, inateleza tu chini. Hiyo nayo ni ya kubana?

---

FundiMstaafu

Hapana, huo ni ugonjwa mwingine. Kichwa cha suruali kina kidude kidogo chini ya ulimi, kama kucha, kinachodondokea katikati ya meno ulimi ukilazwa. Hicho ndicho breki. Kwanza angalia kama unaulaza ulimi chini baada ya kufunga, maana wengi wanauacha umesimama na breki haishiki. Kama unaulaza na bado inashuka, kucha imelika. Dawa yake ni kubadili kichwa. Kwa leo chukua pete ya funguo, ipitishe kwenye tundu la ulimi, ukifunga iangike kwenye kifungo cha kiunoni halafu funga kifungo juu yake. Haionekani, na zipu haiendi popote.

---

UziMweusi

Miaka miwili nauacha ulimi umesimama. Miaka miwili! Nimeulaza, nimeruka ruka sebuleni, haijashuka. Asante mkuu, heshima imerudi.

---

JinoLaTatu

Na lililong'oka je? Sketi ya binti yangu, zipu ya chuma, limetoka jino moja karibu kabisa na chini. Kichwa kikifika hapo upande mmoja unachomoka.

---

FundiMstaafu

Kama ni chini, una bahati. Pandisha kichwa juu ya pengo, kisha tengeneza kizuizi kipya hapo hapo juu ya pengo: uzi mnene uliokunjwa mara mbili, pitisha sindano kutoka upande huu wa meno mpaka ule, zungusha mara saba au nane mahali pamoja mpaka litokee fundo nene. Kichwa kitaishia hapo. Unapoteza urefu wa kidole nusu wa kufunguka, basi.

Likiwa katikati ni kazi ya subira. Tafuta zipu kuukuu ya chuma yenye meno ya ukubwa uleule. Unaweza kulifungua moja kwa koleo la ncha nyembamba, kulihamishia kwenye pengo na kulibana lishike utepe. Kwa plastiki haiwezekani, jino limeyeyushiwa kwenye utepe. Na kwa ile ya nailoni, ambayo meno yake ni waya mmoja uliojiviringisha, hakuna jino la peke yake. Waya ukikatika katikati, fumua ubadili zipu, usijichoshe.

---

DodosoLaZipu

Wakati tunasubiri mrejesho wa mwenye uzi, niwape kisa. Tatizo hili lina umri kuliko sisi sote. Whitcomb Judson wa Marekani alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya kifungio chake mwaka 1893, kikiwa cha ndoano na vitanzi, cha viatu. Kilikuwa kinafumuka chenyewe. Aliyekituliza ni Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden, aliyeacha ndoano akaweka meno yanayofanana yaliyokaa karibu karibu, kazi aliyoifanya mwaka 1913, na hataza yake ikatoka 1917. Hata jina "zipper" lilikuja baadaye, 1923, kwa viatu vya mpira vya kampuni ya B.F. Goodrich. Kwa hiyo SindanoButu jaketi lako limerudi kwa Judson.

---

KitambaaChakavu

Hii ndiyo sababu silali mapema. Na hizo herufi YKK zilizoko kwenye zipu za dunia nzima?

---

DodosoLaZipu

Yoshida Kogyo Kabushikikaisha, kampuni ya Kijapani aliyoianzisha Tadao Yoshida mjini Tokyo mwaka 1934. Kogyo ni viwanda, Kabushikikaisha ni kampuni ya hisa.

---

SindanoButu

MREJESHO. Nilibana kwa nguvu ya yai. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili ikafunga mpaka kifuani. Ya tatu mpaka shingoni, na haikuachia! Nimevaa siku nne nikitembea kifua mbele.

Leo asubuhi nimeinama kufunga kamba za viatu, nikasikia "trrrr". Tumbo nje.

---

KifungoKimoja

Siku nne siyo haba. Changu hakikumaliza dakika.

---

FundiMstaafu

Ndivyo ilivyo. Kubana ni huduma ya kwanza. Chuma kilicholika hakirudi, umekisogeza tu. Wengine wanapata miezi, wewe umepata siku nne, maana yake kimelika sana. Sasa badili kichwa, zipu ibaki ileile.

Geuza kichwa cha sasa utazame mgongo wake, kuna namba imechorwa humo. Inakwenda takriban na upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita: 3 ni ya magauni na mifuko, 5 ni ya jaketi za kawaida, 8 na 10 ni za makoti mazito na mabegi. Lakini namba peke yake haitoshi. Kichwa namba 5 cha nailoni hakiingii kwenye meno ya plastiki namba 5, tumbo lake ni jingine. Lazima namba ifanane na aina ya meno nayo ifanane. Usikimbilie kununua kabla ya kupekua nguo zako kuukuu. Jaketi lililochanika mikono linaweza kuwa na kichwa kizima kabisa.

---

SindanoButu

Mgongoni pameandikwa 5. Nina begi la zamani na koti la mvua lililooza, koti lina meno ya plastiki na kichwa chake ni 5. Nakitoaje bila kukiua?

---

FundiMstaafu

Lile koti si unalitupa? Kata utepe wake juu kwa mkasi, kichwa kitoke chenyewe.

Kwenye jaketi unalolipenda, fungua zipu mpaka pande ziachane. Kichwa kitabaki upande wenye kikasha chini, pale unapochomeka pini (upande mwingine ni wa pini). Juu kabisa ya upande huo wa kichwa kuna kizuizi kidogo. King'oe kwa koleo polepole, ukishika kizuizi peke yake, usivute utepe. Cha plastiki kitavunjika, usijali. Kama shingo ya jaketi imeshonewa juu ya ncha ya utepe, fumua mishono michache uipate. Telezesha kichwa kibovu juu mpaka kitoke.

Kichwa kipya kinaingia kwa njia hiyohiyo, kutoka juu. Hapa ndipo watu wanapolia, kwa hiyo soma mara mbili: mdomo mmoja utazame chini, midomo miwili itazame shingoni, na ulimi utazame NJE ya jaketi. Ncha ya utepe inaingilia kwenye mdomo mmoja na kutokea kwenye mmojawapo wa ile miwili. Ikigoma kwa sababu imechanika nyuzi, ipake gundi au rangi ya kucha isiyo na rangi, iache ikauke, ikate mshazari kama kalamu. Shusha kichwa mpaka kikae juu ya kikasha. Jaribu kufunga kabla hujashona chochote. Ukiridhika, mahali pa kizuizi zungusha uzi mara tano sita juu ya jino la mwisho.

---

GauniJipya

Fundi mimi je? Gauni, zipu ya kuficha, inakwama kiunoni kila siku. Nikilazimisha nasikia kitambaa kinalia.

---

FundiMstaafu

Usilazimishe na usikibane, kichwa cha zipu ya kuficha ni chembamba sana. Kiunoni mshono wa blauzi na sketi unakutana na zipu, kwa hiyo kuna matabaka manne ya kitambaa yamerundikana, na huenda uzi umeshonwa karibu mno na meno. Kwa ndani, punguza kwa mkasi unene wa kitambaa cha ziada pale tu, kilaze kwa pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa chembamba (pasi kali inayeyusha nailoni), na kama mshono umepanda juu ya meno fumua sentimita mbili uushone tena milimita moja mbali zaidi.

Na kwa wote, kitambaa kikishikwa na zipu usivute kichwa kwenda mbele. Shika kitambaa, kivute kando kwa pembe, huku mkono wa pili unarudisha kichwa kilikotoka, kidogo kidogo.

---

JinoLaTatu

Kizuizi cha uzi kimekaa! Binti kavaa sketi leo, hajagundua hata kama ilikuwa mbovu. Sijui nifurahi au ninune.

---

KambaYaKiatu

Swali la mwisho mwisho. Jaketi langu kichwa kizima, meno mazima, ila ncha ya utepe ambako pini inakaa imechanika nyuzi nyuzi. Pini inacheza, kuchomeka kwenye kikasha ni vita.

---

FundiMstaafu

Kata nyuzi zilizosimama tu, usikate utepe. Pakaza gundi kali kidogo kwa ncha ya kijiti pande zote mbili, bana utepe na pini vikiwa vimenyooka, subiri ikauke kabisa. Kisha funika kwa kipande kidogo cha selotepu ngumu. Isizidi unene wa awali, la sivyo haitaingia kwenye kikasha. Pini ikitoka moja kwa moja na kupotea, hapo nakubaliana na fundi wa SindanoButu: zipu mpya.

---

SindanoButu

WAKUU. WAKUU.

Nimeimaliza. Kizuizi kilivunjika vipande vitatu kama ulivyosema. Ncha ya utepe ilichanika, nikaipaka rangi ya kucha ya mke wangu (nyekundu, ndiyo iliyokuwepo, mtanisamehe). Nililigeuza jaketi ndani nje, nikalilaza mezani ili niione mishono vizuri. Kichwa cha koti la mvua kikaingia mara ya tatu, nikakishusha, nikachomeka pini, nikavuta. Meno yanaingiana moja moja, unayasikia. Nimepinda jaketi huku na huku, nimevuta pande zote mbili kwa nguvu, haliachii hata jino moja. Nimeshona kizuizi cha uzi mara sita na kufunga mafundo mawili, nimekata uzi kwa meno. Kesho nalivaa.

Fundi, Mungu akuzidishie.

---

MamaPindo

Hongera mwanangu!

---

FundiMstaafu

Hongera mkuu, kazi nzuri. Swali dogo tu. Umesema ulifanya kazi jaketi likiwa limegeuzwa ndani nje. Ulimi ulikuwa unakutazama wewe?

---

SindanoButu

Ndiyo, ulikuwa juu, unanitazama vizuri kabisa.

---

SindanoButu

Ngoja.

---

KitambaaChakavu

😂😂😂

---

SindanoButu

Nimeligeuza. Ulimi uko ndani. Ili nifunge itabidi niingize mkono kwenye shingo ya jaketi na kuvuta kutokea kifuani.

---

FundiMstaafu

Kata ule uzi, telezesha kichwa juu, kigeuze, kiingize tena. Ncha ya utepe tayari ina rangi ya kucha, safari hii itaingia mara ya kwanza.

---

SindanoButu

Natafuta mkasi. Mafundo mawili niliyafunga mimi mwenyewe.